Pambizo la Daftari

Wengi wenu mnatufahamu kwa kazi ya ukatekista, na baadhi yenu mlikaa mbele yetu zamani, tulipokuwa tukifundisha darasa la tano. Wachache tu wanajua kwamba tangu tulipoacha ubao na chaki, riziki yetu tumeipata nyuma ya dirisha la malipo la chuo kikuu kimoja cha mji huu wa Lubumbashi, miaka 14 sasa. Leo tunapenda kuwaeleza jambo lililotupata hapo, mwaka ule daftari zilipoondolewa na hesabu zote zikaingizwa katika kompyuta. Tumelinyamazia kupita inavyofaa.

Kwanza mlijue daftari lenyewe. Kila promosheni ilikuwa na lake, kubwa, lenye jalada jeusi, na ndani yake safu: namba, majina, sehemu ya kwanza ya malipo, ya pili, ya tatu, kisha salio. Upande wa kuume palibaki pambizo la upana wa vidole vitatu. Humo tuliandika yale yasiyokuwa na safu. "Baba yake ataleta baada ya mavuno." "Mama ni mwalimu, mshahara haujatoka." "Ameruhusiwa na Msimamizi wa bajeti, kwa mdomo." "Aingie mtihani, tutazungumza." Kwa yaliyokwisha tulitumia kalamu ya wino, na kwa yaliyokuwa bado njiani tulitumia penseli, kusudi yaweze kufutwa mambo yakitimia.

Tusijidanganye hata hivyo. Pambizo lilelile lililowahifadhi maskini liliwahifadhi na wezi. Tulipoingia kazini tulikuta mapambizo ya mtangulizi wetu yamejaa neno "amelipa" pasipo hati yoyote ya benki, na fedha yenyewe haikuonekana popote. Basi uongozi wa chuo ulipotangaza kwamba kuanzia mwaka ule wa masomo malipo yote yatapita benki na kusomwa katika programu mpya ya fedha, hatukuwa na haki ya kusema kwamba wanatuonea. Mzazi aliye Kolwezi angelipa huko huko, jina la mtoto wake likaonekana kwetu bila yeye kupanda gari. Orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani, ambayo sisi tuliitengeneza kwa majuma matatu, ingetoka usiku mmoja. Mambo hayo ni mema, na leo tunayaona kwa macho.

Mafunzo yalichukua siku mbili. Vijana mafundi walikuja na mashine zao, wakaketi, wakabonyeza, na picha zikapita ukutani kwa haraka kama mabasi ya barabara kuu. Sisi tuliosomea ualimu tulijua tangu saa ya kwanza kwamba hakuna anayejifunza. Mtoto hafundishwi kuandika kwa kumshika mkono na kumwandikia wewe mwenyewe. Mwache akosee herufi, kisha mwonyeshe. Lakini hatukusimama kusema hivyo. Tulikuwa wazee kuliko wote chumbani, na mzee akikiri kwamba hakuelewa, vijana hutazamana. Alipouliza kama kuna swali, tuliitika pamoja na wengine kwamba hakuna.

Shida ya kwanza ilikuwa majina. Mnakumbuka kwamba mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa kwa amri ya serikali, na kila mtu akachukua majina ya mababu. Sisi wenyewe tuliandikishwa shule bila jina tulilobatizwa nalo. Baadaye majina yale yakarudi, na hivyo Mkongomani wa leo hubeba matatu: jina, jina la nyongeza, na jina la ubatizo. Karani wa benki aliandika mawili. Apariteri aliandika matatu kwa mpangilio mwingine. Mwanafunzi mwenyewe alijiandika kwa lile analoitwa na rafiki zake. Kwa macho ya binadamu huyo ni mtu mmoja. Kwa programu walikuwa watu watatu, mmoja amelipa na wawili wana deni.

Ya pili ilikuwa thamani ya fedha. Malipo yetu hukadiriwa kwa dola, na wazazi wengi hulipa kwa franka. Tuseme mzazi amelipa franka 100.000 siku ambayo dola 1 ni franka 2.000: hizo ni dola 50 kamili. Hati ikichelewa kuandikwa hadi siku ambayo dola imepanda kufika franka 2.050, mashine huhesabu dola 48 na senti 78, na mtoto aliyelipa yote hubaki na deni la dola 1 na senti 22. Daftarini tungeandika "kamili" na kuendelea. Programu haikujua kitu kinachoitwa "karibu". Tuliona wanafunzi waliokomaa, wenye watoto wao nyumbani, wakirudishwa kutoka mlango wa mtihani kwa deni lisilotosha kununua mkate na chai.

Hapa tuseme kidogo juu ya padre mmoja wa zamani, kwa kuwa alitusaidia kuelewa kilichokuwa kikitendeka. Luka Pacioli alikuwa Mfransisko, na mwaka 1494 alichapisha kule Venezia kitabu kikubwa cha hesabu, ambacho ndani yake alieleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila fedha mara mbili, upande wa kuingia na upande wa kutoka. Hakuivumbua namna hiyo. Aliipanga na kuieleza, jambo ambalo ndilo kazi ya mwalimu. Mpaka leo programu nyingi za fedha duniani zimejengwa juu ya kanuni hiyo. Lakini Pacioli alitaka mfanyabiashara awe na vitabu vitatu, wala si kimoja. Cha kwanza kilikuwa cha kumbukumbu: humo watu wa nyumba waliandika kila jambo jinsi lilivyotukia, pamoja na maelezo yake, kwa fedha ya namna yoyote iliyopokelewa. Kutoka hapo mambo yalihamishiwa katika kitabu cha siku, na mwishoni katika kitabu kikuu, kwa fedha ya namna moja na kwa maneno machache. Tuliposoma hayo tulicheka peke yetu. Pambizo letu lilikuwa kile kitabu cha kwanza. Chuo kilikuwa kimenunua cha tatu tu.

Ikaja kazi ya kuhamisha. Kwa jioni nyingi tulikaa na kijana fundi, sisi tukisoma daftari kwa sauti, yeye akiandika. Safu zilipita vizuri. Tulipofika pambizo la kwanza, akainua vidole vyake akauliza: "Papa, hili ni deni au si deni?" Tukamweleza habari za yule mwanafunzi, baba yake, mavuno yaliyoharibika. Akasikiliza kwa heshima. Kisha akarudia: "Nimeelewa, Papa. Lakini nibonyeze wapi?"

Hatukuwa na jibu. Kwa miaka mingi tulikuwa tumesamehe na kuahirisha fedha isiyokuwa yetu, kwa jina la chuo ambacho hakikututuma. Wengi walirudi wakalipa. Wengine walimaliza masomo, wakaondoka, na penseli ikabaki pale ikififia. Kila pambizo lililosomwa usiku ule lilikuwa na mwandiko wetu. Tuliona aibu, na kwa sababu ya aibu tukaanza kwenda haraka. Palipokuwa na wino, fundi aliandika kama tulivyosoma. Palipokuwa na penseli, tulisema: "Deni." Fedha zilizoonekana katika kitabu cha fedha bila kujulikana ni za mwanafunzi gani, fundi alizikusanya mahali pamoja panapoitwa akaunti ya kusubiri. Alisema zitachambuliwa baadaye. Ndugu wasomaji, neno "baadaye" katika ofisi mnalijua.

Mitihani ya sesheni ya kwanza ikafika. Orodha ikabandikwa mlangoni, imechapwa vizuri, bila mkwaruzo wowote. Asubuhi ile dirisha letu lilizingirwa. Umeme ulikuwa umekatwa tangu usiku, jenereta ilikuwa inatumikia chumba cha mashine pekee, na sisi tulikuwa na orodha ile ya karatasi tu. Katika msongamano alikuja msichana wa mwaka wa tatu wa uuguzi. Alisema kwa utaratibu: "Papa, mjomba wangu alilipa yote. Alilipa kwa mkono." Tukamwuliza hati iko wapi. Akasema mjomba hakupewa hati, naye amehamia Zambia kwa kazi. Maneno ya namna hiyo tulikuwa tumeyasikia mara nyingi tangu alfajiri, na mengi yalikuwa ya uongo. Tukamwambia: "Binti, mashine inasema bado. Sisi hatuna la kufanya." Alisimama kidogo, kama mtu anayengoja sentensi iishe. Halafu akampisha aliyekuwa nyuma yake.

Lazima tukiri kwamba sentensi ile ilikuwa na utamu. Miaka yote kabla ya hapo, tulipomkatalia mtu, tulikataa sisi, na tulirudi nyumbani tukiwa na uso wake. Sasa tulikuwa tumepata mtu wa kukataa kwa niaba yetu.

Katika majuma yale kila mtu chuoni alikuwa akisema "mambo ya Congo", kwa kicheko kile mnachokijua. Mhadhiri mmoja kijana aliyesoma ng'ambo alitukataza kusema hivyo, akatuletea karatasi alizochapisha kwenye intaneti, akatufasiria jioni mbili. Zilihusu Chuo Kikuu cha Cambridge, kule Uingereza, kilichoanza mwaka 1209, ambako Newton alifundisha hesabu. Mwaka 2000 chuo hicho kiliwasha programu mpya ya fedha waliyoiita CAPSA. Walitaka iwaonyeshe jambo ambalo vitabu vyao vya zamani havikulionyesha: fedha iliyokwisha kuahidiwa ingawa haijatoka. Iliwagharimu karibu pauni milioni 10, na baada ya kuwashwa idara zikahangaika kupata hata hesabu zao wenyewe. Mwaka uliofuata wakaitwa wachunguzi wawili, Anthony Finkelstein na Michael Shattock, na taarifa zao zikatangazwa Novemba 2001 mbele ya watu wote. Na si Cambridge peke yake. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Edinburgh, kule Uskoti, kiliwasha mfumo wake mpya. Wauzaji wakakaa bila kulipwa, wanafunzi wa udaktari wakacheleweshewa posho, na chuo kikaomba radhi.

Tulifurahi kupita kiasi kusikia hayo. Kama wenye pauni milioni 10 walianguka, sisi wa jenereta moja tulaumiwe kwa nini? Lakini mhadhiri alikuwa bado anasoma. Wachunguzi wale hawakuitwika programu lawama yote. Walitaja mradi uliosimamiwa vibaya, watumiaji ambao hawakuandaliwa vya kutosha, mfumo uliowashwa kabla haujawa tayari. Tukakumbuka siku mbili za picha za ukutani, na namna tulivyoitika kwamba hakuna swali. Jambo lingine nalo lilituuma, nalo tunalifikiri hata sasa: wenzetu walitumia mamilioni ili ahadi zao za kutoa ziandikwe mahali, nasi tuliokuwa na ahadi za kupokea, zimekwisha kuandikwa kwa penseli, tulizigeuza zote kuwa neno moja katika jioni chache.

Mwezi mmoja baada ya mitihani, fundi alitutolea orodha ya akaunti ya kusubiri: malipo 38 yasiyo na mwenyewe. Tuliipitia mbele ya Mama mtunza fedha, tukiwa na kitabu cha fedha pembeni. Katika mstari wa 17 palikuwa na jina la mwanaume, siku ya Jumatatu, na kiasi sawasawa na salio la mwaka wa tatu wa uuguzi. Mwandiko ulikuwa wetu.

Hapo tukaona tena mwembe ulio nje ya kanisa, Jumapili baada ya Misa ya pili. Mwanaume mmoja alitujia na bahasha, akasema anasafiri usiku ule, ofisi zimefungwa, na kwamba anatuamini kwa kuwa tunafundisha watoto wake katekesimu. Alitaja jina la mpwa wake. Tulihesabu fedha pale pale. Tulimwahidi kwamba hati tutampa binti kesho yake. Jumatatu tuliiweka fedha yote sandukuni, tukaandika jina la mjomba kitabuni badala ya la mwanafunzi, tukaweka alama ya penseli katika pambizo la promosheni, na hati hatukuiandika. Tulilitafuta daftari. Alama ilikuwepo, imefifia, lakini mtu akiligeuzia daftari kwenye dirisha aliweza kusoma: "mjomba, yote." Jioni ile ya kuhamisha tulikuwa tumeiona penseli bila kuyasoma maneno.

Mama mtunza fedha ni mtu mwema, na alichosema alikisema kwa kutuonea huruma. "Mwalimu, malipo yamepatikana, mtoto atarekebishiwa. Kwenye fomu andika hitilafu ya mfumo. Msimu huu nani atauliza?" Ni kweli kwamba hakuna ambaye angeuliza. Fomu yenyewe ilikuwa na kisanduku kilichoandaliwa kwa maneno hayo, cha kwanza juu kabisa. Tuliiweka fomu katika mfuko wa koti, tukakaa nayo siku nne, Jumapili ikiwamo. Jumapili hiyo tulifundisha watoto kama kawaida. Hatutaki kueleza somo lilikuwa nini.

Siku ya tano tuliandika barua kwa Msimamizi wa bajeti, ukurasa mmoja, tukataja bahasha, mwembe, hati isiyoandikwa, penseli isiyosomwa, na jibu letu dirishani. Tukaomba malipo yote 38 yachunguzwe. Tulijibiwa kwa barua ya kuomba maelezo, ile inayotolewa kabla ya adhabu. Kisha likafuata onyo la maandishi, ambalo liko katika faili yetu hadi leo, na kukatwa mshahara wa siku kadhaa. Nyumbani hatukusema sababu. Mama watoto aliijua kabla ya juma kwisha. Uchunguzi ulipofanywa, wenye malipo walitambulikana, na 9 kati yao walikuwa wamezuiwa kufanya mtihani kama yule binti. Wote wakaruhusiwa katika sesheni ya pili bila kulipa nyongeza. Baadhi ya wenzetu walikuja nao wakasema makosa yao. Wengine waliacha kutusalimu kwa muda, kwa kuwa barua yetu iliwafanya watazamwe. Hatuwezi kusema walikosea kabisa.

Binti hakuwa mjini. Tulimfuata kwa mama yake huko Kipushi, kilomita zipatazo 30. Mama alitutolea kiti na maji, akafikiri tumekuja kwa mambo ya parokia. Tulipokwisha kueleza, alinyamaza, akamtazama binti yake. Alikuwa amempeleka sokoni kuuza vitunguu tangu mwezi ule, akiamini kwamba mjomba, ndugu yake mwenyewe, alikula fedha ya mtoto. Wala walikuwa hawajasemezana naye tangu hapo. Hilo hatukulijua. Hilo halikuwa katika orodha yoyote.

Binti aliuliza swali moja tu. "Papa, siku ile, kama ungeniuliza jina la mjomba, ungekumbuka?"

Tukasema ndiyo. Tungekumbuka papo hapo.

Akatikisa kichwa, akaenda kuendelea na kazi yake uani. Tulimwandikia mjomba barua kule Zambia; jibu lilikuja kwa simu, fupi, la heshima, na katekesimu watoto wake wanaendelea nayo kwa mwalimu mwingine.

Programu tunaitumia hadi leo, na hatutamani kurudi kwenye daftari. Vijana walipokuja kuirekebisha, safari hii tulikuwa wa kwanza kuuliza, tena maswali mengi, mpaka mmoja akatutania kwamba tutamaliza mafuta ya jenereta. Tuliomba nafasi ya kuandika maelezo kando ya kila malipo, yenye jina la aliyeyaandika na siku, isiyofutika. Wakatupa. Hujaa upesi kuliko tulivyodhani. Kiwango cha dola sasa hufuata siku ya benki.

Binti alifaulu sesheni ya pili, akaendelea na masomo, akamaliza. Alikuja dirishani mwaka jana kuchukua uthibitisho kwamba hana deni, ili apewe cheti chake. Hakutuita Papa, alisema Bwana. Tukachapa karatasi, tukatia muhuri na sahihi. Hakuondoka. Aliisoma mstari kwa mstari, akahakiki majina yake yote matatu na jumla iliyokuwa chini, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya kitambaa chake, ndipo akasema asante.